Siku Laurian Aliposhuka Garini

Tegeni masikio, enyi mnaopura na mnaopepeta! Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana linasimuliwa tendo ambalo wafalme wa kale, kwa mikuki yao na ngoma zao zote, hawakupata kulitenda: siku Laurian, Simba wa Usukani, aliposhuka garini.

Naam, kushuka. Kupanda alikwisha panda.

Gari lenyewe lilikuwa la bwana mkubwa mmoja wa enzi za wakoloni. Likafa, likalala bandani miaka na miaka, kuku wakitaga ndani yake, mpaka likabaki injini na chasisi. Laurian akalikokota hadi Singida Mjini kwa Fundi Antipasi, akamkabidhi picha moja iliyofifia, akanena kwa sauti ya enzi, "Fundi, lirudi kama hivi hivi, lisizidi wala lisipungue." Naye fundi akalivika bodi jipya lote: madigadi yaliyopinda kama shingo ya bata, ubavu wa rangi ya maziwa, vitasa vya shaba, na paa la turubai la kufungwa kwa vifungo. Lilipendeza, anayebisha na abishe peke yake. Ila picha ilipigwa kwa nje, na Antipasi ni mtu wa kutii. Ndani hakutia kitasa hata kimoja. Wala vioo havikushuka, kwa kuwa pichani vilikuwa vimepandishwa.

Hiyo haikumsumbua Simba. Kila alikokwenda walikuwapo wapambe wa kumfungulia, naye akiona ni heshima.

Lakini siku hiyo alikwenda peke yake kwa Bibi Loyce wa Kilimatinde, aliyemlea Agripina, binti aliyetaka kumposa. Agripina alikwisha mwonya: "Bibi asipokuitikia marahaba, usihangaike kutuma mshenga. Hapo hakuna posa."

Laurian akaukwea mlima, moshi ukimfuata nyuma kama mji uliochomwa vitani, akasimama mbele ya Bibi aliyekuwa akianika alizeti uani.

"Shikamoo, Bibi!" alinguruma Simba.

Kioo kikaimeza salamu, injini ikaitafuna. Bibi akaona tu mdomo unafumbuka na kufumba kama wa perege aliyetupwa nchi kavu. Ndipo shujaa akafanya lisilofanyika: akapiga honi.

Bibi akauweka ungo chini. "Mke mwenzangu! Agripina! Njoo umwone huyu wako. Ananipigia honi, mimi! Kaona ng'ombe njiani?"

"Hasikiki, Bibi. Ngoja nimfungulie."

"Koma! Mkwe si mbuzi wa kufunguliwa mlango. Alikoingilia anakujua."

Laurian hakusikia neno, ila alimwona Agripina akirudi nyuma na macho chini, akajua mchumba anamponyoka. Jasho likamtiririka ndani ya suti. Akazima injini, akajihutubia: "Ee Laurian, mwana wa Peniel, mfufua vyuma! Kutu uliishinda, leo ukashindwe na mlango?"

Akavivamia vifungo vya turubai kama avamiaye ngome, vikalegea, akachomoza kichwa angani. Mwenye akili angepeleka mkono nje akakamata kitasa. Lakini mambo ya akili ni ya watu wadogo. Mashujaa hupitia juu. Akapanda kiti, akavuka, suruali ikanasa ikalia *praa!*, akateleza juu ya digadi aliloling'arisha mwenyewe asubuhi, akatua kwa magoti katikati ya alizeti.

"Shikamoo, Bibi," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu wa kawaida.

Bibi akalitazama gari, akaitazama suruali.

"Hilo dude lako linajua kuamkia?"

"Halijui, Bibi."

"Sasa kwa nini ulilituma?"

"Nimekosa, Bibi."

Agripina akashika mwimo wa mlango.

"Marahaba," akasema Bibi. "Inuka, unaniponda mbegu."

Basi na litangazwe kuanzia Manyoni hata Iramba, na vizazi vivipe vizazi: palikuwa na mwanamume mzima, mwenye miguu miwili na ndevu zake, akashuka garini, akamwamkia mwanamke mzee, jambo ambalo watoto wa chekechea hulifanya kila asubuhi kabla hawajanywa uji.