Matanga ya Pacha Ambaye Hakuzaliwa

Jumatatu, 2 Februari 1959

Baridi. Mvua. Supu ya maharage tena. Liborio anakula kwa kelele kama bomba la jikoni. Sijamkanya. Miaka mingi nimekula peke yangu, na sasa akinyamaza najisikia vibaya.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: mimi ni Evaristo Capuozzo, msanii wa kuwatenganisha watu na mali zao bila kutumia nguvu. Wenye wivu huniita tapeli. Liborio ni mwanafunzi wangu. Mtu mzima, ana upara, zamani alikuwa akikaanga maandazi barabarani. Nilimpata kabla ya Krismasi pale stesheni ya Napoli. Nilimuuzia saa ya dhahabu isiyo na mashine ndani. Kesho yake akanitafuta. Nikajiandaa kukimbia. Kumbe alikuja kunionya! Alisema aliyeniuzia mimi saa hiyo hakuwa mtu mzuri, na nisirudi tena kwake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha mjini peke yake. Ataibiwa hata meno yake.

Leo amenivunja moyo. Kaka yake yuko Torino, kiwanda cha magari, amemtafutia kazi. Treni ni Jumatano ya Majivu. Anasema bado hajaamua, atanisikiliza mimi kwanza. Nikamwambia sawa, kila mtu ana haki ya kwenda kukaza skrubu kwenye ukungu. Sikuonyesha kitu. Nikaenda chooni nikakaa huko mpaka miguu ikafa ganzi.

Lazima abaki. Lazima aone kwamba kazi yetu ina manufaa, tena kabla ya Majivu. Nina mpango mkubwa. Jioni nimenunua kitambaa cheusi cha kufunga mkononi. Cha hariri. Kwenye sanaa hatubani matumizi.

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi ya leo pacha wangu amefariki huko Buenos Aires. Maskini Eleuterio! Hakuwahi kuzaliwa, lakini alikuwa na roho nzuri.

Mtaa wetu wa Sanità una utaratibu wake: nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika, wanaleta kwa zamu, wanakaa na wafiwa. Kwa hiyo chakula bure, na Liborio ataona mwalimu wake ni nani.

Nikamwagiza apige yowe ngazini. Akaniuliza kwanza Eleuterio alikufa kwa nini. Nikasema homa ya mapafu. Akauliza kama aliteseka. Nikasema kidogo tu, mwishoni. Akaangua kilio. Machozi halisi! Kipaji kilioje! Ila hakunyamaza. Nikakaa nambembeleza saa nzima, mimi mfiwa.

Wa kwanza kufika ni Donna Ninetta, mjane wa ghorofa ya chini, mwenye ulimi usio na kufuli. Tangu nihamie hapa Oktoba hatukuwahi kuvuka salamu. Leo kaleta kahawa na mchuzi wa kuku. Kaushika mkono wangu. Kauliza kati yetu nani alitangulia kuzaliwa. Nikasema yeye, kwa robo saa. Akasema, “Pole, baba. Sasa mkubwa ni wewe.” Nikasahau kuutoa mkono wangu. Itakuwa uchovu.

Alhamisi, 5 Februari

Ushindi! Makaroni ya nyama. Sungura wa nyanya. Mkate wa mafuta ya nguruwe, bado wa moto. Nyumba imejaa. Viti havikutosha, watu wakakaa kitandani kwangu. Nimesimulia jinsi mimi na Eleuterio tulivyoiba tini za padri, jinsi nilivyomsindikiza melini, jinsi alivyopunga kofia hadi ikawa nukta. Wanawake walilia. Nilisema mambo ya Eleuterio ambayo mwenyewe sikuyajua. Nimemkumbuka sana jamaa yule.

Kero moja: Don Ciccillo, mzee wa dirisha la pili, mtu wa vijicho. Alisimama mlangoni akihesabu sufuria. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba kaka yake yeye alifia hapa hapa, watu walimwona kwa macho yao, na akaletewa sufuria tatu. Iweje maiti wa ng'ambo, ambaye hajulikani hata urefu wake, aletewe karamu ya harusi? Nikainamisha kichwa kwa huzuni. Liborio akampa kiti na bakuli. Ciccillo akala mara mbili.

Baadaye nikamuuliza Liborio sasa anaonaje kazi yetu. Akasema watu wa hapa ni wema sana. Hajaelewa kitu.

Jumamosi, 7 Februari

Kimya. Zamu za majirani zimeisha. Tangu asubuhi hakuna aliyegonga. Mara mbili nimefungua mlango kuangalia kama umekwama.

Liborio amelitoa sanduku lake chini ya kitanda, eti lipate hewa. Nikaona nisichelewe. Ilipofika saa nane mchana, mke wa Eleuterio naye akafa kwa majonzi.

Liborio akagoma kupiga yowe. Akataka kujua watoto watalelewa na nani. Nikamwambia hakuna watoto. Akanikumbusha kwamba Alhamisi nilimwambia Donna Ninetta wapo mabinti wawili, mmoja mgonjwa wa macho. Lo! Kweli. Sasa nina yatima wawili Ajentina na hakuna wa kuwaangalia. Liborio akalia tena. Safari hii kilio kilifika mpaka barabarani chenyewe.

Wakaja. Si wengi kama mwanzo, lakini wakaja. Donna Ninetta akaweka mezani lasanya ya kanivali, sikukuu ya kushiba kabla ya Kwaresima, nzito kama tofali. Akanitazama kwa muda. Akasema Ajentina ni nchi ya hatari, yeye hata bure haendi. Nikasema ni hali ya hewa. Akakaa mpaka giza likaingia, anashona soksi yangu ambayo sikumpa.

Jumatatu, 9 Februari

Balaa! Balaa tupu!

Nilitoka kidogo kwenda kanisani, nionekane nimepiga magoti. Narudi, tangu pembeni mwa mtaa nasikia harufu ya mafuta yanayochemka. Nikawaza, nani huyo asiye na adabu anakaanga jirani na nyumba ya msiba? Nikapanda ngazi. Harufu ikapanda nami. Ikaingia kwangu.

Liborio! Shati amelikunja, unga mpaka nyusi, anakaanga maandazi ya kanivali na kuimba! Nikashika kichwa. Akaeleza, bila haya, kwamba sahani za watu zilikuwa zimejaa na alitaka kuzirudisha, na tangu azaliwe hajawahi kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu. Mama yake angefufuka amchape. Nikamwambia, mpumbavu wee, msibani sahani hurudi tupu! Hata mtoto anajua! Akasema anajua, ila zilikuwa nyingi mno, aliona aibu.

Nikamuuliza kama amekwisha kuzipeleka. Amekwisha. Zote. Maandazi ya moto yenye sukari, kutoka nyumba yenye maiti wawili! Chini watoto wanajilamba vidole. Na Ciccillo yuko dirishani, furaha imemjaa, anapiga kelele: “Jamani njooni! Marehemu wa Ajentina wanakaanga!”

Nikafunga dirisha. Nikaingia chini ya blanketi na viatu vyangu.

Donna Ninetta akaja. Hakubisha hodi. Akakaa, akala andazi moja, akasema limepungukiwa na ganda la limau. Halafu akanipasulia jipu. Mwenye duka la vitambaa ni binamu yake. Mtu anayenunua kitambaa cha msiba Jumatatu, na ndugu yake anakufa Jumanne, ama ni nabii ama ni Don Evaristo. Mtaa mzima ulijua kabla hata Liborio hajapiga yowe. Walicheka ngazini mpaka wakashika mbavu. Kisha wanawake wakakubaliana wapike hivyo hivyo.

Nikamuuliza kwa heshima, kwa nini basi.

Akafuta sukari midomoni. Akasema, sakafu yangu ni dari yake, na kabla huyu Liborio hajaja, kila jioni alikuwa akinisikia mezani. Najikaribisha chakula. Najishukuru. Najiuliza kama nitaongeza. “Tukasema, kama mzee wa watu anahitaji maiti ndipo watu waje, basi na afe huyo pacha.” Akasema kesho, Jumanne ya kanivali, nishuke nikale kwao, na asife mtu mwingine tafadhali, maana lasanya imekwisha.

Liborio alikuwa analia tena, huku anageuza maandazi.

Mimi nilibaki chini ya blanketi. Lakini akili inafanya kazi! Nimemtambua mama huyu. Hiyo ni mbinu ya kale: mtu akishapigwa changa la macho, hujitia alijua tangu mwanzo. Hawezi kukubali kwamba nimemwingiza mjini. Na ule mwaliko? Hakuna anayemlisha mzee bure. Kuna kitu anataka. Huenda chumba changu, kinapata jua.

Jumanne, 10 Februari

Sikushuka. Liborio ameshuka. Mchana kutwa nimesikia vijiko, vicheko, kinanda cha mkono cha mtu asiyejua kupiga. Ciccillo naye yumo. Mara nikasikia wote wanalitaja jina langu na kugonga glasi. Dhihaka, bila shaka.

Nikakata mkate. Nikakaribisha. Nikasema ahsante, nimeshiba.

Liborio akapanda na sahani imefunikwa. Akasema Donna Ninetta ameuliza mara tatu kama naumwa. Nikamjibu simo kwenye mitego ya wajane. Akaiacha sahani mezani, akaanza kukunja mashati yake. Ameamua, basi. Nikataka kumwambia neno. Nikamwambia mashati hayakunjwi hivyo. Nikamkunjia mimi, yote, polepole, na nikakunjua moja nikalirudia.

Jumatano ya Majivu, 11 Februari

Nimemsindikiza. Majivu kwenye paji la uso sote wawili. Sanduku tulilishika huku na huku, ingawa lilikuwa jepesi.

Pale behewani, sikiliza jambo hili, akatoa tiketi mbili! Moja yake. Moja yangu. Amekopa kwa kaka yake. Akasema huko chumba kina vitanda viwili. Nisifanye kazi, nisimuuzie mtu kitu, nikae tu. Akitoka kiwandani tutakula pamoja. “Mwalimu, huko kwa watu wa baridi nitaongea na nani mezani?” Na machozi yakaanza.

Kwa kitambo kidogo, nakiri, nilishika nguzo.

Halafu nikazinduka. Tiketi ya bure. Kitanda cha bure. Machozi. Mpe mlengwa zawadi kwanza, mguse moyo, usimwachie muda wa kufikiri: somo langu mwenyewe, neno kwa neno! Nikaichukua tiketi, nikaimulika juani. Halali. Muhuri halali. Tarehe ya leo. Ama kweli mwanafunzi amekomaa! Ni bingwa tu anayetega kwa chambo halisi. Mtego wenyewe sikuugundua uko wapi, na hapo ndipo penye ufundi. Nilijisikia fahari kiasi cha kutaka kumkumbatia. Nikamrudishia tiketi. Nikamwambia vizuri sana, Liborio, karibu uniweze, lakini mimi hunipati ng'o.

Akanitazama kama hajaelewa. Mwigizaji! Treni ikaanza. Akatoka dirishani mpaka kiunoni, tiketi bado mkononi, ananiita, “Mwalimu! Mwalimu, panda!” Hakukata tamaa hadi mwisho. Nikamtikisia kidole: la, la, la. Nikaendelea kukitikisa hata behewa la mwisho lilipopita. Mtu mmoja wa reli akaniuliza kama nimepotea.

Narudi, Donna Ninetta yuko ngazini. Ameuliza kama Liborio ameondoka. Ameuliza kama nimekula. Nikamjibu nimekula. Akasema mlango wake hafungi kwa ufunguo. Nikamwambia, kwa adabu kamili, atafute mjinga mwingine.

Watu wawili nimewakwepa kwa mpigo! Tena wajuzi! Si kila mtu angeweza. Mtu wa kawaida sasa hivi angekuwa ndani ya treni ile, anakula mkate na jibini na kutazama mashamba, ametapeliwa kabisa.

Nimepika supu. Nimesahau kupunguza maji, imebaki sehemu nzima ya mtu wa pili. Kumekuwa kimya sana humu, nadhani ni kwa sababu ya Kwaresima.

Nina shangazi huko Brazili. Jioni hii hali yake imebadilika ghafla.