Visu Vinavyokufa Mapema na Mume Wangu Asiye na Hatia

Mheshimiwa Meneja wa Karakana,

Natumaini hujambo wewe na mashine zako. Mimi ni mke mpya wa fundi wako wa kukereza vyuma, yule mnayemwita Cheche. Nyumbani nami namwita hivyohivyo, ila kwa sababu nyingine. Nimesikia kamati yako inachunguza kwa nini visu vya mashine yake, vile vinavyomenya chuma, vinakufa kabla ya wakati, na kwamba asipopatikana mkosaji mwingine kufikia Ijumaa, atanyang'anywa mashine na kupewa ufagio. Nakuandikia kwa heshima zote.

1. Kamati inasema visu vilianza kuungua ncha mara tu baada ya harusi yetu. Mheshimiwa, hata mimi niliungua wakati huohuo, na hakuna aliyeniundia kamati.

2. Mkaguzi wa kamati yako alimwambia mbele ya wenzake, "Bwana harusi, akili umeiacha kitandani!" Si kweli. Aliiacha mezani pamoja na chakula chake cha mchana, nami nikamletea vyote getini.

3. Mmevilaumu visu, mkabadilisha duka. Mkamlaumu mume wangu. Chuma chenyewe hakijaulizwa neno! Kisu kinakwenda kufanya kazi yake, chuma kinakaza shingo. Mkorofi hapo ni nani? Naomba chuma kihojiwe.

4. Sasa mkaguzi anasema chanzo ni joto. Joto hilo nalijua. Mume wangu akiingia tu mlangoni, hata pazia linajikunja. Kisu kidogo kinachoshinda naye kutwa kitastahimili vipi? Hiyo si hujuma, Mheshimiwa, ni kipaji. Aongezewe visu, na wanakamati wote waende kwanza nyumbani wakawakumbatie wenzi wao, ndipo warudi kuchunguza.

Mkimnyima mashine mtamnyima furaha ya pili ya maisha yake. Ya kwanza ndiyo inayokuandikia.

Nisalimie mama wa stoo, mlinzi wa getini, na hata huyo mkaguzi.

Wako, nisiyelala kwa furaha,
Mke wa Cheche

Tanbihi: Nusura nisahau kushukuru. Yale maji meupe yanayomwagikia kisu ili kukipoza yalikuwa yananirudishia mume akinuka kama ndoo ya deki. Wiki ya harusi nikamwambia, "Mpenzi, ukifika kazini lifunge hilo bomba, nipate kukukumbatia vizuri." Amelifunga tangu siku hiyo, hulifungua tu mkaguzi anapopita. Shati lake sasa unaweza kulilalia. Mume msikivu kiasi hicho, Mheshimiwa, anaweza kweli kuharibu kisu?