Mtama Dhidi ya Ndago

Jumatatu, 28 Aprili
Ndago, yale magugu sugu, zimeingia kihambani, shamba letu la nyumbani, bila hodi. Maharage hayaonekani tena. Violet, mke wangu, kanikumbusha kuwa jembe liko nyuma ya mlango. Nikamjibu najua liliko. Ndiyo maana sipiti mlango ule.

Ng'ambo ya ua wa masale, jirani yangu Wenseslaus anapalilia huku anaimba. Watu wa namna hii! Jumamosi ya wiki ijayo bwana shamba Jesse anakuja huku Kibosho kuchagua shamba la mfano la kikundi chetu cha wakulima. Mshindi anawekewa kibao barabarani. Nimeshaliona jina langu: ARISTIDES. Herufi kubwa. Rangi nyeupe.

Jumatano, 30 Aprili
Mungu hamtupi mja wake! Leo redioni mtaalamu kasema mtama una sumu yake ya asili inayozuia magugu yasiote. Unakatakata mabua, unaloweka, unachemsha, unanyunyizia. Basi! Hakuna kuinama!

Nilitaka kusikiliza mpaka mwisho, lakini Violet alikuwa ananiaga. Anakwenda Kilema kumwuguza dada yake. Akanieleza jambo refu kuhusu kuku, ng'ombe na kitalu fulani. Nikaitikia yote. Kwa hiyo nimekosa nusu ya mtaalamu na nusu ya Violet. Si kitu. Nusu na nusu ni moja.

Ijumaa, 2 Mei
Jana nilishuka Mabogini kwa shemeji Tito, nikapanda na mzigo wa mabua kwenye bodaboda. Dereva alilalamika njia nzima kuwa yanamchoma mgongoni. Sayansi ina gharama zake.

Leo nimeyachemsha kwenye pipa la Violet la kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi. Yametoka maji ya kahawia, harufu ya zizi. Meku Basili, mzee wetu wa mtaa, akaufuata moshi. Shikamoo, marahaba, kata iko wapi? Nikamweleza kuwa ile si mbege, ni dawa ya magugu. Akasema hata tumboni mwake kuna magugu. Akapiga kata moja. Akatoa maoni kuwa ndizi hazikuiva vizuri. Akaongeza ya pili.

Jioni nimenyunyizia shamba zima. Ndago zilitetemeka! Upepo nao ulikuwepo, lakini kidogo. Dawa iliyobaki nimeimwaga kwenye kipande kitupu kando ya banda la ng'ombe. Udongo laini, safi, umesawazishwa. Sijui nani alinifanyia hisani ile.

Jumapili, 4 Mei
Baada ya Misa Wenseslaus aliniuliza mbona mikono yangu imebadilika rangi. Nikamjibu, mbele ya watu, kuwa jembe ni chombo cha karne iliyopita. Akina mama wakacheka. Nadhani walikuwa wanamcheka yeye.

Jumatano, 7 Mei
Ndago zimenenepa. Zina afya kuliko mimi. Sijui zinasherehekea nini.

Lakini kipande cha kando ya banda! Kitupu kabisa! Hatua chache pembeni, ambapo dawa haikufika, gugu la kishona nguo limejaa tele. Penye dawa hakuna hata unyasi. Inafanya kazi! Mpango mpya: Jesse apitishwe nyuma ya nyumba tu. Mbele kuna mbwa mkali, nitasema. Hatuna mbwa.

Jumamosi, 10 Mei
Siku yenyewe. Nikawapitisha nyuma, Jesse na kikundi kizima. Jesse akapiga magoti, akauchambua udongo kwa vidole. Akasema naam, mtama unaweza kufanya hivi. Unazuia mbegu ndogo zisiote, ila magugu yaliyokwisha kukua hauyawezi. Hiyo ndiyo nusu niliyoikosa. Hata hivyo alinishika mkono! Nikamkazia macho Wenseslaus. Kibao kilikuwa changu, nakaribia kukigusa.

Ndipo Violet akatokea, mkoba bado begani, moja kwa moja kutoka Kilema. Akapenya katikati ya watu. Akatazama chini.

"Baba Davis," akaniambia polepole, "mnafu wangu uko wapi?"

Kumbe ndicho kitalu alichonieleza, cha mboga ya mnafu. Alisia siku ile ile aliyoondoka. Mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, na alisia yote. Jesse akaeleza, kwa sauti ya chini, kuwa mnafu nao ni mbegu ndogo.

Violet hakunigombeza. Aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akatazama mafiga. Kelele ningeziweza. Kile kimya sikukiweza.

Kibao kapewa Wenseslaus.

Jumapili, 11 Mei
Hakuna chai. Nimekata jani la isale, nikampelekea kwa mikono miwili, kama wazee walivyotufundisha kuomba msamaha. Jani hilo halikataliwi. Alilipokea. Nilimkumbuka mama mkwe, jinsi alivyokuwa akinipakulia mnafu wenye maziwa na kunisifu kuwa mkwe mwenye akili. Nikaenda nyuma ya banda kujifuta macho. Naandika haya kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Alasiri Wenseslaus akaja na kifuko kidogo. Mbegu za mnafu! Mwaka juzi Violet aliwagawia nyumbani kwake, nao wameziendeleza. Ni zile zile za mama. Violet akalia, akacheka, akampikia chai ya maziwa. Mimi nikapata machicha ya majani ya chai.

Namjua Wenseslaus. Hizo mbegu kazileta kwa kiburi tu.

Jumatatu, 12 Mei
Violet amesia upya. Kaniapisha nisikikaribie kitalu. Nimeapa. Mimi si mjinga.

Nimelitafakari kosa kwa makini na nimelipata: mtama ni dhaifu. Ni dawa ya watoto. Leo nimepita chini ya mikaratusi ya parokia. Hapaoti kitu! Hata jani moja! Mti wa kiume ule. Nimejaza magunia ya majani, nikayaficha darini. Violet kayanusa, akauliza ni ya nini. Nimemwambia ni ya kujifukiza, nina mafua mabaya.

Nikapiga chafya kumwonyesha.