Mikono ya Girzie kwenye Picha ya Bibi Eufemia

Ulipita mbele ya picha ile kwenye jumba la makumbusho ukageuza macho. Usikane. Ulitazama hariri, ukatazama lesi, ukasema, "Bibi wa watu huyu." Mikono hukuitazama. Leo utaitazama.

Ebenezer Tulloch, mchoraji wa mtaa wa Canongate mwenye ulimi laini kuliko siagi, aliona ulaji siku Bibi Eufemia Haldane alipomwita. Mjane huyu alitaka kumpelekea Jaji Balgarvie picha yake, apate kuposwa. Sura ilifaa, ikisaidiwa na poda. Vidole ndivyo vilivyokuwa balaa: vimepindwa na jongo kama tangawizi.

"Mikono nitaitafuta, bibi mkubwa," akasema Tulloch. Na ada ikapanda.

Chini, kwenye ngazi za nyumba ya Bibi, aliketi Girzie Lyle, muuza chaza wa baharini. Bibi alikwisha kuamuru afukuzwe Jumamosi, eti ananuka. Ananuka chaza wale wale waliomnenepesha Bibi. Hilo hawaliandiki popote.

"Dada Girzie, niazime mikono yako niichore. Nitakuombea kwa Bibi akuachie pako."

"Kwa ulimi upi, Tulloch? Huu uliomwambia jana kwamba nanuka?"

"Huo ulikuwa wa jana."

Girzie akakubali, kwa sharti moja: kovu la kisu kwenye kidole gumba lichorwe.

"Nitalichora," Tulloch akacheka. "Kwani nani hutazama mikono?"

Ada akaipokea. Ombi la Girzie akalisahau kabla rangi haijakauka.

Ijumaa Jaji akaja mbio nyumbani kwa Bibi, Tulloch naye akiwapo, mtumishi nyuma kabeba picha.

"Kovu hili nalijua," akamwambia Bibi. "Mikono hii hunifungulia chaza kila siku hapo ngazini. Uso wa muuzaji sijapata kuutazama. Kumbe ni wewe?"

Tulloch akadakia: "Ndiye, Mheshimiwa. Hujifunika shali akashuka kuuza. Michezo ya wakubwa hiyo."

Jaji akayeyuka kama mshumaa. "Basi nifungulie dazeni moja, mpenzi. Nikimla wa mwisho, natamka posa."

Akaombwa ageuke kidogo, Bibi avae shali la kazi. Jaji, mtu wa sheria, akageukia ukuta. Tulloch akamleta Girzie mbiombio, akamchuchumaza nyuma ya kiti, akawafunika wote wawili kwa shali kubwa la sufu. Mikono ya Girzie ikachomoza mbele.

Chaza wa kwanza akafunguka. Wa pili. Kwa wa tatu, kisu kikasimama.

"Pangu," Girzie akanong'ona shalini. "Sema sasa, shahidi yupo."

Sauti ya Bibi ikatoka kama bawaba kavu: "Natamka mbele yako, Jaji. Girzie Lyle hataondolewa ngazini kwangu maisha yake yote."

"Ndiye nani huyo?"

"Mwenzangu... wa kazini."

"Limesikika, na limeshika," akasema Jaji, akinyonya chaza.

Kisu kikaendelea. Tulloch akainama kupokea sahani, moyo umetulia. Mkono mmoja ukateleza ndani ya koti lake, ukatoka na mfuko wenye ada yote, ukazama shalini. Angemshtaki nani? Machoni pa Jaji, mwizi ni Bibi Eufemia.

Picha ingali inaning'inia, na kibao chake kinamtaja Eufemia peke yake. Nawe ulikisoma ukaenda zako. Inuka. Rudi kwenye jumba lile leo, kabla hawajafunga milango, simama mbele ya kovu uulize kwa sauti: mikono ya nani hii? Usiondoke mpaka waandike Girzie Lyle.