Jaketi la Ghorofa ya Kumi na Nane

Leo nimeaibika, tena aibu yenyewe nimeipandia lifti.

Nawaandikia nyie wa Chumba Namba Saba, tuliolala pamoja zamani, kwa sababu mtaisikia tu. Bora muisikie kwangu kabla haijatiwa chumvi. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo atakayenikatiza nitamtoa kwenye kundi. (Kumtoa mtu sijui kunafanywaje, lakini nitauliza.)

Hali yangu hapa hotelini Pearl, huku kwa Waarabu, mnaijua. Mimi ndiye fundi cherehani wa chumba cha dobi. Vifungo, mapindo, mashuka yaliyochanika, sare za wahudumu. Mkataba wangu unakwisha mwezi huu, na mudiri mpya, meneja wetu, bwana mmoja msafi kama sahani, ameshaniambia mara mbili: "Mama, macho yamechoka. Nenda Tanga ukapumzike." Kupumzika sitaki! Nikikaa wiki bila sindano mikono inaniuma. Akasema basi, ataitazama kazi yangu wiki hii, kisha ataamua kama nabaki au naondoka. Kwa hiyo wiki nzima nashona kama niko kwenye mtihani. (Mtihani wa mwisho nilifanya darasa la nne, na nilianguka.)

Leo asubuhi umekuja mfuko wa nguo kutoka ghorofa ya kumi na nane. Msichana wa Kinepali anayezungusha nguo akaniambia mgeni ni mwanamuziki wa Amerika, ana onyesho leo jioni ukumbini chini. Nikafungua. Fulana nyeusi sita. Suruali mbili, kila moja ingewatosha watu wawili. Na jaketi moja kuukuu la jinzi, limepauka mpaka linakaribia kuwa jeupe. Karatasi ya mgeni imetiwa alama mahali pamoja tu: pasi.

Nikaligeuza lile jaketi. Kola yake pana, kifungo cha tatu hakipo.

Nalijua jaketi hili!

Akinyi, unakumbuka? Ule mwaka wa michezo ya Asia, mji umepambwa mpaka mitende. Pearl hii ilikuwa bado bahari, mashine zinamwaga mchanga mchana kutwa. Sisi sita chumbani kule Wakra, vitanda vya juu na chini, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Wewe umekuja kutoka Kisumu na begi moja, na nusu ya begi ni omena, dagaa wenu wale. (Nililalamika siku ya kwanza. Siku ya pili nilikula.) Ukaja na redio ndogo ya sidii, na sidii yenyewe moja. Moja! Kwenye jalada kijana mwembamba amekaa kwenye ngazi za nyumba ya mbao, kavaa jaketi hili hili, anatutazama kama tumemkosea.

Mimi mkubwa wa chumba nikatoa amri. Humu ndani matusi hayapigwi. Kila wimbo nakuuliza.

"Akinyi, huyu anasema nini?"

"Anasema anampenda bibi yake, yaani nyanya yake, Mathe."

"Na huu?"

"Bibi yake ni mgonjwa."

"Mbona ana hasira hivyo?"

"Ameukasirikia ugonjwa."

Nikaridhika. Nikasema kijana ana malezi, acha aimbe.

Ulinieleza hiyo inaitwa trap, inatoka kusini kwa Amerika, kwenye joto na udongo mwekundu. Lile goma zito sikulipenda, linatikisa masufuria. Nilichopenda ni vile vigongo vidogo vya juu, tikitikitikiti, vinakimbia, vinasita, vinakimbia tena, kama cherehani inayoingia kwenye upindo mgumu. Ijumaa tukipiga pasi wote sita, dirisha limefunguka, yeye anaimba, nyie mnaitikia. Na mimi naitikia! Maneno sijui, lakini pale pa kusema "hey" sikuwahi kuchelewa.

Tumezeeka naye yule. Sidii ya pili ilipotoka alikuwa ametia meno ya dhahabu, na Rehema wetu akaolewa kwa simu. Yule mwimbaji alipofungwa jela ukalia, Akinyi, kama kafungwa kaka yako. Nikakupikia wali wa nazi, ukala huku unalia. Alipotoka sauti ilikuwa imeshuka, haina haraka tena, na vijana wa hapa wenye magari makubwa wakawa wanapiga nyimbo zake Kornishi, barabara ya pwani, mpaka vioo vinatetemeka. Sisi kwenye basi la kampuni tunatazamana tunacheka: huyo ni wetu, nyie mmemjulia wapi? Kisha akanyamaza. Miaka. Na chumba nacho kikaanza kupungua watu. Rehema akaondoka, Jane akaondoka, mwisho wewe. Redio ukaniachia, sidii ukaenda nayo. (Sijasahau.)

Leo jaketi lake liko mezani kwangu. Nikasema Mungu ameniletea mtihani wangu.

Kwa sababu nilivyoligeuza nikaona kiwiko cha kushoto. Kina kiraka, na kiraka kimeshonwa, jamani, sijui niseme kimeshonwa na nani! Mshono unapanda, unashuka, unaingia ndani, unatoka nje, umejipinda kama mtu anayetafuta choo gizani. Uzi mweupe juu ya jinzi ya buluu. Mtu mkubwa kama yule, anazunguka dunia, na kiwiko hicho!

Karatasi ilisema pasi. Nimeiona. Sijasoma sana lakini alama naijua. Ila mimi nguo yenye mshono mbovu haitoki mezani kwangu hivyo hivyo, tena wiki hii, tena mudiri ananitazama. Nikachukua wembe. Nikafumua uzi wote, nikautupa. Chini ya kiraka palikuwa na doa la kahawia, nikadhani chai, nikalisugua. (Ashukuriwe Mungu halikutoka.) Nikakishona upya kwa uzi wa buluu, mshono mdogomdogo, umenyooka kama barabara ya Salwa. Nikapiga pasi. Nikalitundika. Nikasimama nikalitazama kama mtu anayetazama mtoto wake siku ya harusi.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Mudiri. "Mama, uje sasa hivi. Mgeni wa kumi na nane anataka kumwona aliyeshona."

Nikajua nimefaulu. Nikabadilisha mtandio, nikapaka mafuta mikono.

Juu mlangoni alikuwa Wafula, yule mlinzi wa Bungoma, kijana mzuri ila mdomo hautulii. Mudiri akamwambia aingie atutafsirie.

"Shosho, unamjua huyu msee?" akaninong'oneza.

"Mimi si shosho wako, sina mjukuu Bungoma. Ndiyo, namjua tangu zamani. Nyimbo zake za adabu, zote anamwimbia bibi yake."

Wafula akakohoa mpaka akashika ukuta. "Zote? Mama, ni nani alikuambia?"

Nikakutaja jina, Akinyi. Jibu lake sitaliandika hapa. Tutaongea mimi na wewe.

Tukaingia. Mgeni kakaa kwenye kiti karibu na dirisha, jaketi liko mapajani. Yule kijana mwembamba hayupo. Huyu ni jitu zima, ndevu zimeingia mvi, shingo imeandikwa yote. Aliponiona akasimama. Nami moyo ukalainika, nikaona watu wakubwa wa siku hizi hawasimami.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Sikungoja niulizwe! Mudiri yuko pembeni, nataka asikie.

"Wafula, mwambie asinishukuru, ni kazi yangu. Mwambie kazi niliyoikuta ilikuwa aibu. Aliyemshonea mwanzo, mwambie, alikuwa kipofu au mlevi."

Wafula akajikuna shingo.

"Tafsiri."

"Mama, hii tuiache tu."

"Nimesema tafsiri!"

Akatafsiri, macho chini. Mgeni akashika kiwiko cha jaketi. Akajibu taratibu, maneno machache.

"Anasema," Wafula akameza mate, "pombe bibi yake hakuwahi kuonja."

Mimi kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa aliyeshona ni nani.

Akaendelea kusema, Wafula anafuata nyuma. Bibi ndiye aliyemlea, kwenye ile nyumba ya mbao. Sukari ilimla macho. Asubuhi ya onyesho lake la kwanza kijana alilirarua jaketi kwenye waya wa uzio, na hakuwa na lingine. Bibi akasema lete. Akashona kwa kupapasa, akajichoma, akashona. Bibi alifariki yeye akiwa jela, hakumzika. Tangu atoke, kila nchi mpya anayoimba mara ya kwanza, analitupia hili mabegani. Kabla hajapanda jukwaani anaushika ule mshono kwa kidole. Leo ameweka kidole, kimeteleza.

Lile doa halikuwa chai.

Nilijua ana bibi, jamani. Sikujua bibi ana sindano.

"Mwambie uzi upo," nikasema. "Mwambie asiondoke hapo."

Nikashuka. Mimi, mwanamke wa umri huu, niliyewafokea nyote kwa kuacha uzi sakafuni, nimepiga magoti mbele ya pipa la taka la chumba cha dobi. Nikatoa vifungo, vitambulisho vya nguo, ganda la ndizi la mtu asiyejielewa. Uzi nikaupata, bado umejikunja vilevile ulivyokaa ndani ya jinzi. Nikapanda nao umelala kwenye kiganja, nimeufunika kwa mkono wa pili kama kifaranga. Mle kwenye lifti mlikuwa na mabibi watatu wa Kiarabu. Mmoja akatoa jani la mchicha kichwani kwangu. (Nimemwombea dua.)

Kule juu nikafumua kazi yangu mwenyewe. Nzuri ile! Nikaanza upya kwa uzi wake. Jinzi kuukuu haisahau, matundu ya zamani yapo, ni kuyafuata tu. Sasa mkono umekataa. Naufuata upogo, mkono unaninyooshea. Nafumua. Nafuata tena, unanyoosha tena. Mara tatu! Miaka yote nimeufundisha mkono adabu, leo nauomba usahau na hausikii. Mgeni kakaa sakafuni pembeni yangu, jitu lote lile, ananitazama kama mtoto anayengoja kaptula yake.

Nikavua miwani. Nikafumba macho.

Nikapapasa tundu la kwanza kwa ukucha, nikapitisha. La pili. La tatu. Hapo ndipo nilipoujua mkono wa yule mama. Hatua zake sawa, ndogo, zimelingana. Ameweka kiraka nyuzi zikilala upande mmoja na jinzi, jambo ambalo mafundi wengi wenye macho hawalijui. Alikuwa fundi, tena fundi hasa. Alichopoteza ni njia tu. Nilipofika penye doa nikajichoma na mimi, mahali palepale, nikaendelea kushona.

Nikafunga fundo, nikampa. Akaweka kidole kwenye kiwiko. Kikapanda, kikashuka, kikaingia, kikatoka. Akafumba macho. Akasema neno moja ambalo hata mimi nilielewa bila Wafula.

Mudiri naye akasogea, akainama kutazama. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniambia kwa Kiarabu: "Unaona, Mama? Nilikuambia. Macho khalas, yamekwisha. Mstari hata mmoja haujanyooka."

Walahi nilikosa pa kuuweka uso! Nimevua miwani mbele ya mtu anayetafuta sababu ya kunirudisha Tanga, nikamshonea sababu yenyewe mkononi.

Wafula mdomo wake leo ukamfaa mtu. Akamtafsiria mgeni maneno ya mudiri, na sikumwomba. Mgeni akageuka kwa mudiri, akasema kwa sauti ileile ya chini, isiyo na haraka, ile ya baada ya jela. Wafula akaninong'oneza: "Anamuuliza kama wewe uko hapa hadi lini. Mudiri amesema hadi mwisho wa mwezi. Anasema vizuri, basi na yeye mwezi ujao hatarudi hapa na watu wake arobaini kama walivyopanga, atatafuta hoteli utakayokuwa wewe. Anasema hakuna mwingine hai anayeujua huo mshono."

Mudiri akatabasamu mpaka masikio. Akasema mbele ya wote kwamba Mama ni mtu wa nyumbani, Mama ana miaka miwili mingine. Saa tisa karatasi ililetwa mezani kwangu. Nimetia sahihi, nimevaa miwani.

Mgeni alinialika onyesho. Nikamwambia Wafula amwambie nashukuru, magoti yameshafanya kazi ya leo. Sasa niko chumbani kwangu hapahapa hotelini, dirisha wazi, na goma lake limeanza kutikisa kuta kutoka chini. Sijui anaimba nini. Akinyi, usinitafsirie.

Miaka yote nimeshona kwa kunyoosha wakataka kunifukuza, nimeshona upogo mara moja nimebakishwa. Ukicheka, cheka, lakini cheka kwa adabu, marehemu alikuwa fundi kuliko mimi.