Mwenyekiti wa Kuvuta Pumzi

Jumatatu, 14 Julai

Nimeshindwa na Silvanus tena. Mbele za watu! Kikundi chetu cha wazee hapa Naipingo hukutana zahanati asubuhi kuvuta pumzi. Nesi Teddy anatufundisha: vuta taratibu kwa pua, shikilia, achia kwa mdomo, halafu kila mtu aombe kwa dini yake. Kisha anatupima presha. Ya Silvanus imeshuka. Yangu imepanda. Nesi akanivuta pembeni, akasema nikiendelea hivi nitaanguka siku moja shambani na hakuna atakayejua. Nimeogopa, sikatai. Lakini kilichoniuma zaidi ni Silvanus, yule seremala mstaafu wa misheni, kunipa pole huku anatabasamu.

Ijumaa tunachagua mwenyekiti. Nesi anataka awe mzee ambaye presha yake imetulia kuliko wote. Sawa. Akili ninazo.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata njia! Marehemu babu alipoumwa alikwenda kwenye msolo, ule mti ulio nyuma ya mikorosho yetu. Aliweka unga wa mtama chini yake, akawataja waliotangulia, akawaomba afya. Siku hizi hakuna anayekwenda. Imamu hapendi, na mimi nakaa safu ya mbele msikitini. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu, Mama Samia, kwamba naenda kutazama mikorosho. Nikabeba kopo lake la unga ndani ya koti.

Ukungu mzito. Nikaweka unga, nikafungua mdomo nianze majina, nikasita. Babu, bibi, baba. Hao wana wajukuu chungu nzima. Nikiwataja, baraka itagawanywa ukoo mzima, hata kwa binamu zangu wasioshika jembe! Nikataja jina moja tu. Langu. Harithi Masoudi. Nikalirudia, wasije wakakosea.

Nikakaa kuvuta pumzi. Nikavuta, nikashikilia. Nyuma yangu mtu akaachia. Taratibu, kwa mdomo, vile vile anavyofundisha nesi. Nikageuka. Mti tu. Unga ulikuwa umebonyea katikati, umelambwa. Nikasema ni panya. Nikaondoka mbio, kopo nikaliacha.

Alhamisi, 17 Julai

Huyu wa nyuma hakubaki msoloni. Yuko nami barazani, shambani, hata msikitini kwenye safu. Mimi nikishikilia, yeye anaachia. Juzi nilimkimbia. Leo nimejiuliza: kama yupo anayevuta kwa niaba yangu, najichosha nini? Nikamwachia kazi yote. Raha iliyoje! Kifua kimetulia kabisa. Vidole vimepoa. Mama Samia alinipa chai ya moto, nikakumbatia kikombe cha bati bila kusikia kitu. Mbuzi amekataa majani mkononi mwangu, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Mbuzi huyo hajawahi kunipenda.

Ijumaa, 18 Julai

Ushindi! Nesi Teddy alinipima mkono wa kushoto, akahamia wa kulia. Mashine haikuonyesha kitu. Akaweka betri mpya. Kwa Silvanus ikasoma vizuri, kwangu ikanyamaza. Nikawaambia wenzangu presha yangu imetulia mpaka mashine imeona haya. Wakacheka, wakapiga makofi, wakanichagua. Nesi hakucheka. Alitaka nipelekwe hospitali Nachingwea mjini leo hii. Nikakataa. Mwenyekiti gani anaanza kazi kwa kulazwa?

Silvanus alinipa mkono wa pongezi. Akauachia haraka, akafanya ishara ya msalaba. Wivu!

Jumamosi, 19 Julai

Mama Samia ameliona kopo lake pale msoloni. Akauliza nilimtaja nani. Nikamweleza kwa fahari. Akakaa chini kwenye vumbi. Akampigia simu shangazi yangu Bi Swaumu, aliyeko Ruangwa, akaweka sauti kubwa nisikie.

Shangazi akasema, "Pale wanatajwa waliokufa, mwanangu. Umekwenda kujiandikisha."

Akasema nafasi ingalipo. Niende msoloni na kikundi chote, nikiri mbele yao, niliondoe jina langu. Mama Samia akalia, akanishika miguu. Alisema tangu juzi halali usiku, huweka kiganja mdomoni pangu akisubiri pumzi, na haiji. Alisema hataki kubaki peke yake katika nyumba hii. Iliniuma kumwona hivyo. Lakini nikiri mbele ya Silvanus? Imamu asikie? Uenyekiti nimeupata jana!

Jumatatu, 21 Julai

Mama Samia amepanda basi la asubuhi kwenda Ruangwa kumleta shangazi. Macho yamevimba. Nyumba kimya, imebaki ile pumzi tu, nayo leo iko mbele yangu, si nyuma. Nimenyoa ndevu. Nilipumua karibu kabisa na kioo, hakikupata ukungu hata kidogo. Vizuri, kazi ya kufuta imepungua.

Nimefikiri sana. Nimejua kwa nini mke wangu ana huzuni: nilijipendelea. Jina moja tu, na wengine je? Nitarekebisha. Kesho alfajiri narudi msoloni na unga mpya. Nitataja kikundi kizima, jina kwa jina, wote watulie kama mimi. Mama Samia nitamtaja wa kwanza kabisa, maana ndiye ninayempenda kuliko watu wote duniani.

Silvanus simtaji. Akome.