Kunakili Pedali ya Asani

Jumatatu, 3 Juni 2024

Watu wengi hukosea jambo moja: hudhani kunakili ni kuiba. Mwizi huondoka na kitu. Mimi nitakirudisha Ijumaa.

Kitu chenyewe ni pedali ya Asani. Nieleze. Pedali ni kisanduku cha chuma kinachokaa kati ya gitaa na kipaza sauti, na mpigaji hukikanyaga kwa mguu. Sauti inaingia safi, inatoka imegeuka. Ya Asani inatoa sauti ya nyuki waliofungiwa ndani ya kibuyu. Hakuna nyingine kutoka hapa Kasongo hadi Kindu. Aliipata ujanani kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa anafunga duka.

Leo amepita kwa pikipiki akitoka kwake Wamaza. Waya umelegea, sauti inakatika. Anaendelea Nyangwe kutafuta samaki wa arusi, maana binti yake wa mwisho anaolewa Jumamosi. Ijumaa asubuhi atapita kuichukua. Binti ameweka sharti moja: baba apige wimbo aliompigia marehemu mama yake siku ya arusi yao, kwa sauti ileile. La sivyo hatoki chumbani. "Mwalimu," Asani akaniambia, "ule mutoto hana mchezo. Iko kama mama yake."

Nikamwambia alale usingizi. Kuunga waya ni dakika kumi. Zitabaki siku nne!

Jumanne, 4 Juni

Waya umeungwa. Dakika nane.

Sasa kazi yenyewe. Tarehe 30, sikukuu ya uhuru, orkestra yetu ya walimu wastaafu itapiga uwanjani. Kwaya ya Hippolyte nayo itakuwepo. Hippolyte ni fundi wa simu, katekista na adui yangu. Mwaka jana alisema mbele ya watu kwamba gitaa langu linalia kama kuku mwenye mafua. Watu walicheka. Mke wangu Apolline alicheka kuliko wote. Nikipata nakala ya pedali hii, tutaona nani ana mafua.

Nimeifungua. Mtengenezaji alimwaga lami nyeusi juu ya kila kitu ili watu kama mimi wasione. Dharau! Nimeikwangua kwa wembe asubuhi nzima. Chini yake: vipande kumi na kimoja tu. Nimechora vyote, na njia za umeme kati yake.

Pia nimetenda wema. Asani hutumia betri sita kuukuu za redio, zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Aibu kwa mtu anayeozesha binti. Nimemwekea mpya. Zile za zamani nimezivunja, nikachanganya unga wake mweusi na majani ya matembele, nikapaka ubao wa darasa la sita katika shule ya ng'ambo ya barabara. Hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote. Ubao unapendeza.

Jumatano, 5 Juni

Nakala imekamilika saa nne asubuhi. Vipande vimetoka ndani ya redio ya Apolline. Aliuliza redio iko wapi. Nikamwambia inapumzika. Akauliza, Baba Estelle, nayo imestaafu?

Nimechomeka gitaa. Nimekanyaga. Si nyuki! Ni msumeno juu ya bati. Mbuzi wa jirani amekata kamba.

Mwalimu mzuri hukagua kazi yake kwa kuilinganisha na ya asili. Nikachomeka pedali ya Asani.

Msumeno uleule.

Nimeiua. Wembe umegusa pasipopaswa, au joto la kulehemu limeunguza ndani. Mchana wote nimeunga upya kila kiungo, kimoja kimoja. Msumeno. Binti wa watu atakaa chumbani hadi wajukuu wa wenzake waolewe.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Hippolyte. Naandika sentensi hii haraka ili ipite.

Alipima kila kipande huku akipiga mluzi wa misa. Kisha akatoa hukumu: "Mwalimu, hii iko muzima kuliko weye." Akauliza nilibadilisha nini. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Nikasema betri tu, lakini hilo si badiliko, ni zawadi. Alicheka hadi miwani ikaanguka.

Alinieleza mimi, mwalimu wa fizikia! Betri iliyochoka si dhaifu tu, ni mvivu. Ukiivuta ghafla inasita, halafu inafuata. Kule kusita ndiko nyuki. Asani hajawahi kuweka betri mpya. Hukusanya zilizoshindwa na redio, huzianika juani, huzitumia hadi zife kabisa. Lami ilikuwa inaficha kitu kisichokuwa siri.

Basi, nitafute betri sita zilizochoka. Kuzichosha zile mpya kwa balbu ni kazi ya siku nyingi. Nikazunguka mtaani nikibadilisha mpya kwa kuukuu. Waliouliza sababu niliwajibu: utafiti. Kusema kweli kungenilazimu kueleza habari za wembe.

Mama mmoja aliita jirani yake: "Mutu anatoa pile mpya kwa kuchukua zenye zimekufa? Iko na kitu!" Kufika saa tisa, soko zima lilijua kwamba mwalimu amegundua madini ndani ya betri na mnunuzi kutoka Lusangi yuko njiani. Betri zote zilizoanikwa juu ya mabati zikashushwa na kufichwa chini ya vitanda.

Nimerudi na betri moja. Imevuja.

Ijumaa, 7 Juni

Asani amefika saa moja asubuhi na vikapu viwili vya samaki wakavu. Akachomeka gitaa. Noti tatu. Akaacha. Akaketi juu ya kikapu bila kutazama. Nikasikia samaki wakivunjika.

Akaigeuza pedali, akafungua kifuniko.

"Mwalimu, mapile yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha shule kwa kidole. Akavuka barabara, akachungulia ubao dirishani. Aliporudi alisema tu kwamba ni mweusi kweli.

Afadhali angenitukana. Nikamwambia yote: wembe, mchoro, nakala, madini. Akaniuliza, kama ningeomba kuichora, angenikatalia? Akanionyesha pikipiki kwa kidevu. Nimepanda kati ya vikapu. Hadi Wamaza nimekula vumbi la barabara nzima ya Kabambare.

Jumamosi, 8 Juni, Wamaza

Mlango wa binti umefungwa. Wanawake wameimba mbele yake hadi sauti zikakauka. Watu wa bwana arusi wameanza kutazama njia. Shangazi amebisha mara nne na kujibiwa kwamba binti anangojea sauti.

Asani alisimama katikati ya uwanja akasema wazi, mbele ya wote: huyu rafiki yangu amevunja betri zangu, na wimbo wa mama yenu unataka betri zilizochoka. Nani anazo katika tochi yake?

Kicheko! Bibi mmoja akauliza kama waume waliochoka nao wanafaa, maana wa kwake ni yule pale. Kabla kicheko hakijaisha beseni lilikuwa limejaa. Betri thelathini na moja, bure, bila swali.

Tulijaribu sita sita. Kundi la kwanza: kimya. La pili: msumeno. La tatu...

Nyuki.

Hakutazama gitaa. Alitazama mlango. Haukufunguka ubeti wa kwanza. Ulifunguka wa pili.

Jumatatu, 10 Juni, Kasongo

Asani alinikumbatia wakati wa kuaga na kuniambia safari nyingine niulize tu. Apolline amesema hivyo hivyo, huku akidai redio. Watu wema wote wawili, lakini si wanasayansi. Ukiuliza, mtu anakujibu, na utafiti unaishia hapo.

Leo Hippolyte ameniletea kinanda cha umeme cha kwaya. Tangu Alhamisi ananiita mwenzake. Ufunguo mmoja unakwama, naye anakwenda Kindu hadi Jumamosi. Amesema nipulize vumbi tu. Misa kubwa ni Jumapili. Kinanda hiki kina sauti mia moja, na chini kuna kifuniko ambacho, kwa mtazamo wa kwanza, hakikuwekwa bure.

Siku tano!

Kazi ya leo: fungua skrubu kumi za chini kabla Apolline hajarudi kutoka shambani.